Je, kwadi ya shambani inahitaji pawa stelingi?

Swali: "Nasimamia shamba la parachichi la ekari 60 mkoani Njombe: vilima viwili na bonde katikati. Zamani palikuwa na miti ya mikaratusi, kwa hiyo visiki bado vipo. Kutwa niko juu ya kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 420, 4x4, isiyo na pawa stelingi, na nyuma nimefunga tanki la dawa la lita 100 lenye pampu ya umeme. Nina miaka 51. Tangu mvua za mwaka jana mabega yananiuma, na vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku. Bosi amekubali tubadilishe mashine. Tumeletewa mbili zilizotumika, zote cc 500. Moja ina pawa stelingi na imetembea saa 2,100. Nyingine haina, ina saa 900, na ni nafuu kwa shilingi milioni 2.5. Fundi wetu anasema tuikimbie hiyo ya pawa: oili itavuja, halafu umeme ukikata mteremkoni usukani unajifunga na mimi naishia bondeni. Naomba ukweli. Pawa ina faida, au ni anasa ya watalii? Matairi tunajaza upepo 25 ili miiba isitusumbue."

Dada yangu, nikikusoma vizuri, hofu yako ni kumshauri bosi atoe milioni 2.5 za ziada kwa kitu cha starehe, halafu siku kikigoma uwe mteremkoni na lita 100 za dawa mgongoni. Nikujibu kabisa kabla ya maelezo: kwa kazi uliyoieleza, pawa stelingi inalipa. Ila hailipi kwa sababu ile wanayoitaja wauzaji, na kwenye swali lako kuna mambo matatu ambayo pawa haitayatibu, nayo ni upepo wa matairi, ganzi ya vidole, na hilo tanki. Ukiyaacha yalivyo, hata mashine mpya kabisa itakuumiza.

Nianze na fundi wenu. Hakukudanganya, ila mawazo yake yako kwenye lori. Kwenye malori na magari mengi ya zamani pawa ni ya oili. Kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, kuna mipira inayopeleka oili kwenye stelingi boksi, na mipira ikichakaa oili huvuja kweli. Injini ikizimika mteremkoni, pampu inasimama na dereva anabaki kunyonga usukani kwa mikono miwili. Hayo ameyaona kwa macho yake. Kwenye kwadi pawa ni ya umeme mtupu: hakuna pampu, hakuna mkanda, hakuna tone la oili la kuvuja. Yamaha ndio waliotangulia kuitoa kiwandani kwenye kwadi, Grizzly 700 ya mwaka 2007, na wenzao wakafuata mmoja mmoja. Tazama walipoianzishia: kwenye mashine nzito ya 4x4, ya kuvuta mizigo na kupita msituni. Kwadi nyingi za kutembezea wageni nilizowahi kuzifungua hazikuwa na pawa kabisa, kwa hiyo hiyo hoja ya anasa ya watalii iweke pembeni.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukivua plastiki ya mbele utaona shafti ya usukani inashuka kutoka kwenye mipini hadi kwenye tairodi, vile vyuma vinavyogeuza matairi ya mbele. Kwenye mashine yenye pawa, shafti hiyo ni vipande viwili, vimeunganishwa kwa kijiti cha chuma kinachokubali kujisokota kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Ukigeuza mipini na matairi yakagoma, kijiti kinajisokota. Sensa inapima msokoto huo na kuiambia kontroli boksi ni mkubwa kiasi gani na wa upande upi. Kontroli boksi inaangalia spidi, kisha inaiamuru mota ndogo ya volti 12 iisukume shafti upande uleule. Ukienda polepole msaada ni mkubwa. Ukikimbia unapungua, usukani usije ukawa mwepesi wa kutisha. Wafikirie makuli wawili kwenye mkokoteni: wa nyuma hasukumi mpaka aone wa mbele amekaza shingo, na wa mbele akilegeza, naye analegeza.

Sasa umeme ukikata, kuli wa nyuma ameondoka na mkokoteni umebaki kwako. Mipini na matairi bado vimeshikana chuma kwa chuma, kwa hiyo usukani haujifungi. Unakuwa mzito, na nisikufiche, unakuwa mzito kuliko wa kwadi ambayo haikuzaliwa na pawa, kwa sababu sasa unaizungusha pia mota iliyolala pamoja na gia zake. Ikitokea katikati ya kona itakushtua. Ndiyo maana kila ninayemkabidhi mashine ya pawa namwambia: siku ya kwanza, mahali tambarare, chomoa fyuzi ya pawa uendeshe nusu saa. Taa ya onyo itawaka, usiijali, utairudisha fyuzi baadaye. Mikono yako ikishaujua uzito huo, siku ukija kwa ajali hautakuwa mgeni.

Faida yenyewe iko kwenye visiki. Muuzaji atakuonyesha mtu anageuza mipini kwa kidole kimoja juu ya sakafu ya duka. Shambani wepesi huo ni jambo dogo, maana kwadi ikishaanza kutembea hata isiyo na pawa inageuka vizuri. Kinachokumaliza mabega ni mateke. Gurudumu la mbele kushoto likigonga kisiki, linasukumwa nyuma, na kwa kuwa tairi limekaa nje ya pale linapogeukia, pigo hilo linakuwa kama mtu ameshika mpini mrefu wa jembe. Tairodi inasukumwa, shafti inazunguka, mipini inakwapuka mikononi mwako. Wewe unagoma ili usitoke njiani. Hesabu teke moja kila mita 20: ukizunguka kilomita 15 kwa siku, bega limegoma mara 750.

Kwenye mashine ya pawa, mikono yako inapogoma, kijiti kinajisokota, sensa inasoma kule kugoma, na mota inagoma pamoja nawe. Isitoshe, pigo lenyewe linabidi kwanza liisogeze mota na gia zake kabla halijafika kwako. Teke halipotei, ila linafika likiwa msukumo tu. Hili nililijaribu kwa mwili wangu. Kwadi moja, njia moja ya shamba la miti iliyojaa visiki, mizunguko miwili asubuhi fyuzi ikiwa mahali pake, miwili mchana fyuzi ikiwa mfukoni mwangu. Asubuhi niliteremka nikaenda kunywa chai. Mchana niliteremka nikakaa kwanza juu ya gogo, nafungua na kufunga viganja kama mtu aliyefua mablanketi.

Kuna sehemu nyingine inapolipa, nayo ni difu ya mbele (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele) ikiwa imefungwa. Ukifunga difu ili utoke kwenye tope, magurudumu mawili ya mbele yanalazimika kuzunguka spidi moja, wakati kwenye kona la nje lilitakiwa kutembea zaidi kuliko la ndani. Yanagombana, na ugomvi huo unaupokea mikononi. Watu wengi wanaogopa kufunga difu kwa sababu hiyo tu, matokeo yake wanaparamia tope kwa kasi.

Tuje kwenye upepo 25. Hapo, dada, ndipo nilipotikisa kichwa. Matairi mengi ya kwadi za kazi yanataka upepo wa psi 4 hadi 7. Kiwango cha mashine yako kimeandikwa kwenye stika, mara nyingi kwenye madigadi au karibu na kiti, pamoja na kile cha kutumia ukiwa na mzigo. Tairi la kwadi ndilo springi yake ya kwanza. Ukilijaza 25 umeligeuza jiwe, kila kisiki linakirudisha chote kwako, na kwenye ule udongo mwekundu mvua ikinyesha linakanyaga kwa katikati tu na kuteleza. Kachungulie matairi yako sasa hivi: nadhani utakuta katikati pamelika na pembeni bado kuna vinyweleo vya raba. Kuhusu miiba, tairi laini hujikunja juu ya mwiba mara nyingi kuliko kutobolewa, na ukitobolewa, haya ni matairi ya tyubulesi, pancha unaziba kwa kijiti cha raba palepale njiani. Shida moja ni kwamba geji ya pale kwa mjaza upepo haisomi chini ya 10 kwa uhakika. Tafuta geji ndogo ya upepo mdogo, iwe ya kwako, ikae kwenye mfuko wa koti.

Nikuambie na upande wa pili, usije ukaniona mwongo. Ukishusha upepo, tairi linalala chini zaidi na usukani unakuwa mzito ukienda polepole. Nadhani hata walioanzisha hii desturi ya 25 walikuwa wanakimbia uzito huo bila kujua. Kwa hiyo pawa na upepo sahihi vinakwenda pamoja: pawa inakuruhusu kutembelea matairi laini bila kuadhibiwa. Na ukinunua ile isiyo na pawa ukaendelea na 25, mateke yatakuwa yaleyale unayoyajua.

Vidole. Umesema mkono wa kulia tu, na usiku. Mateke yanapiga mikono yote miwili. Kitu ambacho mkono wa kulia unakifanya peke yake kutwa nzima ni kusukuma kibonyezo cha mafuta kwa kidole gumba. Kwanza kakitazame hicho. Waya wa mafuta ukikauka au kuingia matope unakuwa mgumu, na kidole gumba kinafanya kazi ya mguu. Zima injini, bonyeza halafu achia: kinatakiwa kwenda laini na kurudi chenyewe mara moja. Waya mpya ni bei ndogo. Pia mkao wa kibonyezo unaweza kusogezwa kidogo ili kifundo cha mkono kisikunjike. Mimi si daktari, lakini ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na mshipa ukibanwa muda mrefu msuli wa chini ya kidole gumba unaanza kunywea. Usisubiri mashine mpya ikutibu. Nenda hospitali wiki hii, na umwambie daktari saa ngapi kwa siku unakaa juu ya kwadi. Ukianza kuangusha vikombe au kushindwa kufunga vifungo vya nguo, usingoje hata hiyo wiki.

Na tanki. Lita 100 za maji ni kilo 100, kabla hujahesabu tanki lenyewe, pampu na fremu. Keria ya nyuma ya kwadi za daraja lenu kwa kawaida imeandikiwa kilo 60 hadi 90 hivi, soma stika yake. Ukipanda kilima ukiwa na mzigo huo juu na nyuma, mbele panakuwa pepesi na matairi ya mbele hayaumi ardhi. Ukikata mteremko kwa ubavu, maji yanakimbilia upande wa chini na kuisukuma mashine huko huko. Pawa stelingi haizuii kwadi kupinduka, wala haifupishi kona. Inaweza hata kukuficha, kwa sababu ule wepesi wa ghafla mikononi, ambao ungekuonya kwamba mbele panaelea, unausikia kidogo. Australia, ambako wakulima wengi wamekufa chini ya mashine hizi, tangu Oktoba 2021 kwadi mpya ya kazi hairuhusiwi kuuzwa bila kifaa cha kumlinda dereva ikipinduka. Kwenu naona njia nyepesi: tanki la lita 50 kwenye kwadi, lijae, na pipa kubwa la kuchanganyia dawa liwekwe juu ya kila kilima mjaze hukohuko. Usijaze nusu kwenye lile la lita 100 ukadhani umepunguza hatari. Maji yaliyo nusu tanki yanacheza zaidi. Helmeti, na usibebe mtu nyuma. Hayo hayana mjadala.

Sasa mashine zenyewe. Saa 2,100 ni nyingi. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni kama kilomita 31,500, wakati yenye saa 900 ina 13,500. Kama pawa ya hiyo ya kwanza ni nzima na injini haifuki, bado ningeichukua, kwa sababu ya visiki na kwa sababu ya mabega yako. Lakini iwe imepita vipimo mbele ya macho yako. Mita ya saa inabadilishwa, kwa hiyo angalia kwanza sehemu za kukanyagia na raba za mipini: zikiwa zimelika sana kwa mashine inayodai saa chache, kuna mtu anakuchezea.

Kisha ipige jeki hadi mbele paelee. Shika tairi kushoto na kulia, litikise: ikigonga, tairodi zimekwisha. Shika juu na chini, litikise tena: ikicheza, ni boljointi au beringi. Mwambie mtu akushikie mipini wakati unafanya hivyo, usije ukadanganywa na usukani unaozunguka. Ishushe, matairi yakae kwenye saruji. Injini ikiwa imezimwa geuza mipini, usikie uzito. Washa injini, geuza tena: lazima uwe mwepesi waziwazi, na wepesi uwe sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa mzito, sensa imehama au kuna kitu kimepinda. Usukani ukijivuta wenyewe ukiwa umeuachia, zima, chomoa fyuzi, na usiipande mpaka fundi wa umeme aifungue. Hilo ndilo kosa moja la pawa ninaloliogopa.

Mwisho fungua soketi za kontroli boksi. Zikiwa na ukungu wa kijani, kuna mtu amekuwa akiiosha kwa mashine ya presha akielekeza maji hapohapo. Maji na betri dhaifu ndivyo vinavyoua pawa nyingi kuliko uchakavu. Mwaka juzi nililetewa moja, wenyewe wameshakata shauri kwamba mota imekufa na wanatafuta nyingine. Betri ilikuwa na volti 11.4, na bushi ya shafti ya usukani imekauka matope kama kauri. Betri mpya, grisi, nusu siku ya kazi. Kwenu kuna na pampu ya dawa inayokula ampea 5 hadi 8 kwenye betri ileile, mara nyingi injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma polepole bila kukanyagiwa mafuta, wakati kwadi inazalisha umeme kidogo. Pawa nayo ikikaza inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Kwa hiyo pampu ipewe waya na fyuzi yake kutoka betri, na ukisimama kupulizia dawa muda mrefu pandisha mzunguko wa injini kidogo.

Gharama ya kweli ya pawa ni hapa: yuniti yake ikifa kabisa, mpya inaweza kufika dola 1,000 na zaidi, na hutaipata Makambako. Kwa hiyo ile ya saa 2,100 ikishindwa hata kipimo kimoja cha umeme, sahau, chukua ya saa 900. Shusha upepo, badilisha tairodi zilizolegea, na zile milioni 2.5 zianze na vijana wawili wa kung'oa visiki kwenye njia unayopita kila siku. Kuna pia seti za pawa za kufunga baadaye, zinatengenezwa kwa modeli maalumu tu na bei yake ni mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru. Usiagize mpaka mmehakikisha modeli, mwaka, na kwamba mfumo wa kuchaji wa kwadi yenu unaimudu pamoja na pampu.

Siku ya kwenda kuziangalia, mchukue fundi wenu muende naye. Ile ya pawa mpeni aiendeshe yeye, kwanza kama ilivyo, halafu achomoe fyuzi kwa mkono wake mwenyewe na arudi nayo kwenye uwanja uleule.